Nukta Nne katika Gombo la Isaya

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie hati za kale za Kiebrania zilizohifadhiwa Yerusalemu, katika lile jengo la Makumbusho ya Israeli lililofunguliwa mwaka 1965 kwa ajili ya magombo ya Bahari ya Chumvi. Paa lake jeupe lina umbo la kifuniko cha mtungi, kwa sababu magombo ya kwanza, yaliyookotwa na wachungaji wa Kibedui karibu na Qumran, penye magofu kando ya Bahari ya Chumvi, yalikuwa yamewekwa mitungini ndani ya pango.

Niseme mapema, nisije nikalaumiwa na atakayefunga safari: Gombo la Isaya linaloizunguka nguzo ya katikati ni nakala. Nuru huila ngozi, kwa hiyo vipande halisi huoneshwa kwa zamu, vikakaa miezi michache, kisha vikarudishwa gizani. Wapo wanaoondoka wamenuna. Mimi naishukuru nakala hiyo, kwa kuwa mgeni huweza kuzizunguka safu zote 54 kwa miguu yake, mita 7 na zaidi za maandishi yaliyoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo.

Tuzunguke basi hadi safu ya 33, penye sura ya 40. Wengi wetu tunayajua kwa moyo maneno yale, “Majani yakauka, ua lanyauka”, ambayo huja mara mbili, katika aya ya 7 na tena katika aya ya 8. Mwandishi aliyaandika mara moja tu, kisha akaendelea moja kwa moja na neno la Mungu litakalosimama milele. Yale ya katikati, yanayoitaja pumzi ya Bwana na kuwafananisha watu na majani, hakuyaandika. Wataalamu wengine husema kwamba huenda hakuyakuta katika gombo alilolinakili, kwa kuwa tafsiri ya kale ya Kiyunani nayo haina maneno hayo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kila aliyewahi kunakili kwa mkono anajua jinsi jicho linavyoruka kutoka neno hadi pacha wake, nami naelemea upande huo.

Baadaye mkono mwingine, ambao mwandiko wake hauna unadhifu wa ule wa kwanza, uliyachomeka maneno hayo juu ya mstari, na nafasi ilipokwisha, ukayateremsha kandokando ya safu. Humo ndimo nilipoona nukta nne, nikadhani ni madoa ya wino. Kumbe mrekebishaji, alipofika kwenye Jina la Mungu lenye herufi nne, YHWH, hakuthubutu kuliandika, akaweka nukta moja mahali pa kila herufi. Ilhali mwandishi wa kwanza, katika gombo hilo hilo, huliandika Jina hilo kwa herufi za kawaida bila kusita.

Katika ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki, uliotoka katika pango lile lile lililotoa Gombo la Isaya, mwandishi mwingine alitumia njia ya tatu: mstari unakwenda kwa herufi za zama zake, na kila unapofika kwenye Jina, zinatokea herufi nne za Kiebrania cha kale zaidi, za umbo jingine kabisa, kisha mstari unaendelea.