Buibui Nyumbani: Pindua Kiti Kwanza

Asalaam aleikum, hamjambo nyote mnaotazama. Nipo uani kwangu hapa Tanga, na kabla sijasema lolote naomba mtazame kiti hiki cha plastiki. Juu kimeoshwa, kinang'aa. Sasa nakipindua, taratibu. Mmeona hapa mguu unapoungana na sehemu ya kukalia? Kuna vidonge vitatu vyenye rangi ya maziwa, kila kimoja kama sentimita 1, vimejaa vimiiba kama stafeli dogo. Hivyo ni vifuko vya mayai. Mama yao yupo hapohapo, kajikunyata kwenye ukingo. Huyu ndiye nataka mumjue kabla ya wengine wote, maana wanangu hukalia viti hivi kila jioni wakila.

Hatua ya kwanza ni kumtambua, na dawa iache kabatini kwanza. Washa tochi ya simu, umulike kwa ubavu. Kitaalamu anaitwa Latrodectus geometricus. Ni wa kahawia au kijivu, miguu ina pete za rangi nyeusi na nyepesi, tumbo ni duara kama punje ya mbaazi. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Utando wake hauna mpango, nyuzi zimekwenda huku na huku, na ni mgumu ajabu. Napitisha kijiti, sikilizeni: tas, tas, tas. Utando wa buibui wengine hukatika kimya, huu unalia. Na mwenyewe, ukimgusa, anajikunja na kujiangusha kama aliyekufa. Ni mwoga sana. Huuma akibanwa, kwa mfano ukiingiza vidole chini ya kiti ukiinue bila kutazama. Mara nyingi ni maumivu na uvimbe mahali alipouma, lakini mtoto mdogo sitaki ajaribiwe.

Sasa twende ndani, tuone wenzake, maana si wote wanaostahili kupondwa.

Pale kwenye pembe ya dari kuna mwenye miguu mirefu kama nyuzi. Nikimgusa kwa ncha ya ufagio anatikisika kwa kasi mpaka humwoni sawasawa. Hana madhara. Jike lake hubeba mayai mdomoni, mkitazama vizuri mtayaona. Ubaya wake ni utando unaokamata vumbi na masizi, ukatuaibisha wageni wakija sikukuu.

Huyu mkubwa bapa anayekimbia ukutani usiku, ambaye miguu ikitandazwa hufika hata sentimita 10, hatandi utando wa kunasia. Anawinda kwa miguu, na mende ni chakula chake. Ukimwona amebeba kitu cheupe kama sarafu chini ya mwili, hayo ni mayai yake.

Halafu kuna mdogo huyu wa dirishani, mwenye macho mawili makubwa mbele, anayekugeukia kana kwamba anakuuliza jambo, kisha anaruka. Tafadhali msimuue. Ndugu yake mmoja, Evarcha culicivora, anaishi pembezoni mwa Ziwa Victoria, na huko Mbita, Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Baadaye ikaonekana pia anavutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa, yaani anajua mbu hufuata watu. Sisi tunaolala na malaria mlangoni tuna sababu ya kumheshimu.

Wa Usambara mnamjua yule mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya chungwa. Huyo ana shimo lake nje. Waambieni watoto wasichokoe shimo kwa kijiti, kuuma kwake kuna uchungu mkali.

Marehemu bibi yangu alitukataza kabisa kuua buibui, akitusimulia ya pango la Thaur na utando uliotandwa mlangoni Mtume (s.a.w.) na Abubakar walipokuwa ndani. Wa ndani mpaka leo nawahamisha. Huyu wa chini ya kiti, penye watoto, ndiye ninayemwondoa.

Hatua ya pili, basi. Vaeni glavu za mpira na viatu vya kufunika. Hapa nina ndoo ya maji ya sabuni yenye povu zito. Nashika kijiti, nauzungushia utando kama ninavyosokota uzi, vifuko vyote vinafuata. Hakikisheni hakuna kilichobaki kwenye ukingo, kwa sababu kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Buibui nazamisha kwenye povu. Vifuko naviponda kwa jiwe, maana hariri yake haipitishi maji kirahisi. Baada ya wiki mbili narudi kukagua kiti hikihiki.

Kwa dari, funga ufagio wa chelewa kwenye mwanzi, uvike kitambaa chenye unyevu. Zungusha, usiparuze. Ukiparuza, utando unajipaka kwenye rangi na kuacha michirizi myeusi ambayo hata sabuni haiitoi. Yule mkubwa wa ukutani mfunike kwa kopo, pitisha jalada la daftari kati yake na ukuta, kampeleke mgombani.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanairuka. Buibui anafuata chakula. Taa yangu ya barazani ilikuwa nyeupe, kali. Kila usiku kumbikumbi na nondo wanajaa, na kila asubuhi pembe zote za mlango zina utando mpya. Nikabadilisha, nikaweka balbu ya njano, na tofauti niliiona. Zibeni nafasi chini ya mlango kwa kipande cha mpira, shoneni nyavu za madirisha zilizochanika. Kuni na matofali yaliyoegemezwa ukutani yahamisheni. Ndoo ambazo hazitumiki, kofia ya pikipiki, viatu vya mvua: kung'uta kabla ya kutumia, kila mara.

Kuhusu kupuliza dawa, niliwahi kumlipa mtu akapuliza nyumba nzima, tukalala kwa dada yangu siku mbili. Haukupita muda, tando zikarudi palepale. Buibui hutembea kwa ncha za miguu, mwili hauburuzwi kwenye ukuta wenye dawa, na taa yangu nyeupe ilikuwa bado inawaita wadudu. Fedha ile ningenunulia nyavu.

Ukiumwa, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Misuli ikianza kukaza, jasho likitoka ovyo, kutapika, kupumua kwa shida, au kidonda kikianza kuwa cheusi, nenda hospitali. Mtoto mpeleke mapema bila kusubiri dalili. Na ukiamka na mstari mwekundu wenye malengelenge shingoni, watu watakwambia umekojolewa na buibui. Mara nyingi hapo mhusika ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, Nairobi fly. Haumi; ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake ndiyo yanayounguza. Mpeperushe, usimpige kofi.

Haya, kiti cha kwanza kimekwisha, nakianika juani. Nina vingine vitano. Nakipindua cha pili... hakuna kitu. Cha tatu, ngojeni nisogeze tochi.