Damu yako ina neno kuhusu dawa: maongezi ya barazani, Lamu

Assalam alaykum mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo tuongee baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo vyako mwenyewe, sio ile ya uzee wala upepo wa kusi, jina tu ndo linatuchanganya.

Kuna mama mmoja mshona kofia, kila asubuhi sindano yamponyoka, vidole vimeumuka kama mahamri mpaka saa nne ndo vinalegea. Kapimwa damu, RF imeonekana, ni antibodi, yaani askari wa kinga aliyegeukia mwili wenyewe, akaniletea karatasi akaniuliza, sasa hiyo damu si iseme basi dawa gani itanifaa? Swali zito hilo, wataalamu dunia nzima wanalihangaikia.

Kusema kweli mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu cha kukwambia kabla hujameza kama methotreksati, dawa tunayoanzia ugonjwa huu, itakufaa ama la. Twaanza nayo, mara moja kwa WIKI jamani, ukimeza kila siku yaweza kukuua, halafu twaangalia, miezi 3 bila nafuu ama 6 na bado hujatulia, daktari anabadilisha ama anaongeza nyingine.

Lakini damu si bubu. Mwenye RF au antibodi za CCP, nazo ni askari wa aina hiyo hiyo, dawa ya rituksimabu kwa kawaida humfaa zaidi kuliko asiye nazo, hiyo ni dalili ya kweli japo si ahadi. Halafu kuna kipimo cha ESR, damu inasimamishwa kwenye mrija mwembamba saa nzima, twapima chembe nyekundu zimezama milimita ngapi, uvimbe ukizidi mwilini zinazama upesi.

Na hapa nataka mnisikize sana. CRP, kitu cha damuni kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe, inatengenezwa na ini likiamrishwa na protini inayoitwa intalukini 6, sasa dawa ya tosilizumabu inaziba njia ya hiyo protini, kwa hiyo CRP inaporomoka hata kama vidole bado vimevimba, karatasi inasema umepona na kiungo kinaendelea kulika! Ndo maana akikupima mtu asikushike mikono, mwambie anishike.

Shangazi pale kauliza, karatasi za zamani atupe? Usitupe hata moja shangazi. Yule mama wa kofia zake azitia kwenye kopo la biskuti, tukizipanga mezani kwa tarehe twaona wazi dawa ilipoanza kufanya kazi, na wiki alizoikatiza kwa kukosa nauli ya boti.