Dell, HP au Apple? Tazameni kwanza faida inatoka wapi

Habari zenu huko nyumbani: Nairobi, Dar, Mwanza, popote mlipo. Wengi mnaniuliza, kati ya Dell, HP na Apple ninunue hisa za nani? Halafu mnaanza kulinganisha laptopu: ipi inakaa na chaji, ipi haichemki. Hayo ni maswali ya mteja. Mwenye hisa anauliza faida inatoka wapi.

Fungueni ripoti ya mwaka, ile fomu ya 10-K. Iko bure kwenye tovuti ya SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani. Nendeni moja kwa moja kwenye jedwali linalogawa biashara kwa vitengo.

Tuanze na HP. Mwaka wa hesabu wa 2024 mapato yalikuwa dola bilioni 53.6. Kompyuta zilileta bilioni 36 na ushei, printa bilioni 17 na ushei. Shukeni kwenye mstari wa faida: kila dola ya kompyuta inabakiza kama senti 6, ya printa karibu senti 19. Zidisheni wenyewe: kompyuta takribani bilioni 2.2, printa takribani 3.3. Yaani ukinunua HP, umenunua katriji za wino. Ofisi zikipunguza kuchapa, unaumia hata kama laptopu zinatoka dukani kila siku.

Dell ni mnyama mwingine. Mapato yake ya mwaka wa 2025 ni bilioni 95.6, kompyuta bilioni 48.4, seva na mitambo ya kuhifadhi data 43.6, na hizo seva ndizo zenye faida nono zaidi. Ila msichangamkie kila habari ya seva za akili mnemba. Sehemu kubwa ya bei ya seva hizo ni chipu za kampuni ya Nvidia, kwa hiyo mauzo yanaweza kupaa huku faida kwa kila dola ikipungua.

Apple? Mwaka wake wa hesabu wa 2024, Mac, yaani kompyuta zake, zilileta bilioni 30 kati ya 391. Hazikufika asilimia 8. Iwekeni kando, hiyo ni kampuni ya simu.

Sasa mitego. Kwanza tarehe: mwaka wa "2025" wa Dell uliisha Januari 31, 2025, wa "2024" wa HP uliisha Oktoba 31, 2024. Ukiweka 2024 ya huyu na 2024 ya yule, umepishanisha miezi tisa. Tena Dell ilijitenga na VMware, kampuni ya programu za kompyuta, Novemba 2021, hivyo ripoti za zamani, kabla hazijarekebishwa, zina kampuni mbili ndani.

Wa pili ni faida kwa kila hisa. HP ilipata faida halisi ya bilioni 2.5 mwaka 2016, na 2.8 mwaka 2024. Ni ukuaji mdogo. Lakini kwa kila hisa ilitoka dola 1.43 hadi 2.81! Siri ni kwamba kampuni inanunua hisa zake yenyewe na kuzifuta, hivyo wagawanaji wamepungua. Si ulaghai, na mimi binafsi naupenda utaratibu huo. Shida ni mtu kuiona 2.81 akadhani biashara imekua maradufu.

Na hapa ndipo nyinyi wa nyumbani mnaguswa. Gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, likiwa la Safaricom au CRDB mkazi anakatwa kodi ya asilimia 5. Gawio la Marekani linakatwa 30, maana Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. HP ililipa takribani dola 1.10 kwa hisa mwaka wa 2024. Mkononi inabaki senti 77. Kampuni ikitumia fedha hizo kununua hisa zake, wewe hukatwi kitu siku hiyo. Kwa hiyo msiipende kampuni kwa ukubwa wa gawio tu.

Kabla ya kuweka pesa, jazeni kwa dalali wenu fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani. Iliyosainiwa 2025 inaisha Desemba 31, 2028. Ikipitwa na wakati, dalali anaweza kuzuia asilimia 24 ya pesa zote za mauzo, hata kama umeuza kwa hasara.

Soko linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za huko, na New York wakirudisha saa nyuma Novemba, ni saa kumi na moja na nusu. Wekeni oda yenye ukomo wa bei, msinunue kwa bei yoyote iliyopo dakika za mwanzo. Hapo bei inaruka sana.