Kesi Hii Isikilizwe Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mawakili wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama mlangoni: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mamlaka ya mahakama, yaani uwezo wake wa kisheria wa kusikiliza kesi, katika kesi zinazovuka mipaka ya nchi. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la wanasheria peke yao, la kubishania karatasi kabla kesi haijaanza. Mimi naliona tofauti. Kesi nyingi za wanyonge dhidi ya kampuni kubwa huamuliwa papo hapo, kwenye swali la wapi, kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Kila mwanafunzi wa sheria nchini Kenya ameisoma kauli ya Jaji Nyarangi katika shauri la meli ya Lillian S, mwaka 1989: mamlaka ndiyo kila kitu, na mahakama isiyo nayo haina uwezo wa kupiga hatua hata moja zaidi. Sisi watu wa Pwani hatushangai kwamba kauli hiyo ilitoka kwenye kesi ya meli. Mwenye meli yuko nchi moja, bendera ni ya nchi nyingine, mabaharia wametoka nchi ya tatu, na deni la mafuta limeachwa bandarini. Utamshitaki nani, na wapi? Sheria ya bahari ilipata jibu zamani sana: ishitaki meli yenyewe. Ofisa wa mahakama anapanda melini na hati ya kuikamata, anaibandika kwenye mlingoti au ukutani mahali panapoonekana, na kuanzia hapo chombo hakitoki mpaka mwenyewe alete dhamana. Mamlaka hapo yanatokana na kitu kilichopo mbele ya mahakama, kinachoshikika.

Bahari hiyo hiyo ilituletea kesi za maharamia. Novemba 2010 Mahakama Kuu hapa Mombasa ilisema haina mamlaka juu ya washukiwa waliokamatwa nje kabisa ya maji ya Kenya. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo: uharamia ni kosa dhidi ya mataifa yote, na taifa lolote lenye washukiwa mikononi laweza kuwahukumu. Nadhani Mahakama ya Rufaa ilisema kweli. Lakini makosa ya namna hiyo ni machache, na leo nataka tukae zaidi kwenye kesi za madai.

Kampuni haishikiki kama meli. Basi mahakama huuliza mambo mengine. Mdaiwa makao yake yako wapi? Madhara yalitokea wapi? Mkataba ulipaswa kutekelezwa wapi, na je, waliousaini walichagua mahakama? Kwa sheria zetu za mwenendo wa madai, Kenya na Tanzania kwa jumla ni mamoja: unamfuata mdaiwa anakoishi au anakofanyia biashara, ama unafungua shauri pale chanzo cha madai kilipozuka. Mdaiwa akiwa ng'ambo, hapa Kenya unaomba kwanza kibali cha mahakama ili wito umfikie huko. Kibali hicho msikisahau, tutakutana nacho tena Nairobi.

Ugumu unaanza pale mahakama mbili za nchi mbili zinapokuwa na mlango wa kuingilia. Kwa nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, mwongozo mkuu ni shauri la meli nyingine, Spiliada, lililoamuliwa London mwaka 1986. Jaji Lord Goff alisema mahakama iangalie kama ipo mahakama nyingine ambayo kwa uwazi inafaa zaidi, kwa maslahi ya pande zote na kwa lengo la haki. Ikiwepo, kesi iende huko. Ila mdai akionyesha kwamba huko hatapata haki, mahakama yaweza kuibakiza kesi mikononi mwake. Hicho kifungu cha mwisho ndicho watu maskini wamekishikilia tangu hapo.

Tazameni Chingola, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia. Mwaka 2015 wanavijiji 1,826 walifungua kesi London. Walidai kwamba maji machafu ya mgodi wa Nchanga yameharibu vijito wanavyonywa na kumwagilia mashamba. Mgodi ni wa kampuni ya Konkola Copper Mines, ya Zambia. Kampuni mama, yaani inayoimiliki, wakati huo ilikuwa Vedanta Resources, iliyosajiliwa Uingereza. Wadaiwa wakaja na hoja ambayo, nakiri, ina uzito: mto uko Zambia, mashahidi wako Zambia, sheria itakayotumika ni ya Zambia, hata lugha za mashahidi ni za Zambia. London inatafuta nini hapo?

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa uamuzi Aprili 10, 2019, na hukumu iliandikwa na Lord Briggs. Dhidi ya kampuni mama, kanuni za Ulaya za wakati ule zilikuwa hazimruhusu jaji wa Kiingereza kuikataa kesi ya mdaiwa mwenye makao Uingereza. Dhidi ya kampuni tanzu, yaani Konkola, Lord Briggs alikubali waziwazi kwamba mahali panapofaa ni Zambia. Halafu akageukia swali la haki, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Hakuwatuhumu majaji wa Zambia kwa rushwa wala kwa udhaifu. Alitazama fedha. Wanavijiji hawana uwezo wa kulipa wakili. Msaada wa kisheria wa serikali haupatikani kwa kesi kama hiyo. Sheria ya Zambia hairuhusu wakili kufanya kazi kwa makubaliano ya kulipwa akishinda. Na mawakili wenye timu na uzoefu wa kubeba kesi kubwa kiasi hicho hawakuwepo. Kwa hiyo kuirudisha kesi Zambia kulikuwa sawa na kuizika. Ikabaki London. Januari 2021 pande hizo zilipatana bila kampuni kukiri kosa.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 2015 hadi 2019, karibu miaka minne, na mahakama bado haijauliza kama maji yalichafuliwa. Vijito vilikuwa vile vile na watoto walikuwa wakiteka maji. Mimi jambo hili linaniumiza kila ninapolisoma.

Sasa leteni Kericho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wahuni walivamia mashamba ya chai ya Unilever, wakaua, wakabaka, wakapora. Wafanyakazi na familia zao 218 walikwenda London wakidai kwamba kampuni mama ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwafungia mlango. Ilisema ushahidi unaonyesha kampuni ya Kenya ilijipangia yenyewe namna ya kukabili hatari, kwa hiyo hakuna hoja ya kutosha dhidi ya kampuni mama.

Kwa nini Chingola walipita na Kericho wakakwama? Sehemu kubwa ya jibu ni nyaraka. Wanavijiji wa Chingola walikuwa na maandishi ambayo kampuni mama yenyewe iliyatangaza hadharani, ikieleza jinsi inavyosimamia mazingira kwenye migodi yake. Kericho hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Na humu ndimo mlimo na dhuluma ninayotaka muione: barua za ndani, kumbukumbu za vikao, maagizo ya makao makuu, vyote vimo kwenye makabati ya mdaiwa. Mdai hupewa haki ya kuviona baada ya kesi kukubaliwa, ilhali ili ikubaliwe anatakiwa aonyeshe kilichomo. Ni kama kumwambia mtu aogelee kabla hujamruhusu kuingia majini. Mwaka 2021, katika kesi ya jamii za Ogale na Bille za Nigeria dhidi ya kampuni ya mafuta ya Shell, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwakemea majaji wa chini kwa kuendesha kesi nzima ndogo kwenye hatua ya mamlaka, na ikasema uwezekano wa nyaraka hizo kupatikana baadaye lazima uzingatiwe. Uamuzi huo naupenda sana, ingawa ulichelewa kuwafaa wa Kericho.

Msidhani mlango wa ng'ambo uko wazi daima. Tangu kanuni za Ulaya zilipokoma kutumika Uingereza mwishoni mwa 2020, hata kampuni mama yaweza tena kuomba kesi ipelekwe kwingine. Na Novemba 2024 Mahakama Kuu ya jimbo la Ontario, Kanada, ilisema haina mamlaka juu ya madai ya wakazi wa eneo la mgodi wa North Mara, Tanzania, dhidi ya kampuni ya dhahabu ya Barrick Gold, ingawa makao makuu ya kampuni hiyo yako Toronto. Ikaongeza kwamba hata ingekuwa nayo, Tanzania ndiyo panapofaa zaidi.

Ndiyo maana naitazama Nairobi kwa matumaini. Mwaka 2022 aliyekuwa mkaguzi wa maudhui ya Facebook, aliyeajiriwa kupitia kampuni ya kandarasi, aliishitaki Meta, mmiliki wa Facebook, mbele ya mahakama yetu ya leba. Wenzake wengi walifuata mwaka uliofuata. Meta ikasema: sisi ni kampuni za kigeni, hatuishi Kenya, hatufanyi biashara Kenya, na hamkuomba kile kibali cha kutufikishia wito. Februari 2023 mahakama ilikataa kuiondoa kwenye kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Aprili 2025 Mahakama Kuu nayo ikasema ina mamlaka ya kusikiliza kesi nyingine, ya Waethiopia wanaodai kwamba mtandao huo ulisambaza uchochezi wakati wa vita nchini mwao, kwa kuwa kazi ya kukagua maudhui hayo ilifanyika Nairobi. Picha za kutisha zilitazamwa kwenye kiti cha ofisi ya Nairobi, na aliyekosa usingizi kwa sababu yake alilala Nairobi. Kama huko siko kufanya kazi Kenya, sijui ni wapi.

Kupata mamlaka si kupata fedha, na hili mawakili vijana hulisahau. Hukumu ya Nairobi inakaziwa, yaani inatekelezwa, kwa urahisi pale sheria ya nchi nyingine inapoitambua. Sheria yetu ya kutambuliana hukumu inazitaja nchi chache: Tanzania, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi, Shelisheli, Uingereza na Australia. Marekani haimo. Hivyo, kabla hujafungua kesi, tafuta kwanza mdaiwa ana mali gani na iko wapi: akaunti ya benki, jengo, hisa, hata malipo anayodai kwa wateja wa hapa.

Na nyinyi mnaowasindikiza ndugu zenu wanaokwenda kufanya kazi Muscat au Riyadh, someni kifungu cha mkataba kinachotaja mahakama kabla ndugu yenu hajaweka sahihi. Mahakama zetu, tangu shauri la United India Insurance la mwaka 1985, huheshimu kifungu hicho isipokuwa pawepo sababu nzito ya kukikiuka. Mwajiri yuko nje ya mipaka yetu. Wakala aliyemsafirisha ofisi yake iko hapa, na wito unamfikia hapa, kwa hiyo jina lake kamili, namba ya leseni yake na nakala ya mkataba viachwe nyumbani kwa mtu anayeaminika. Sasa naomba maswali, na tuanze na hao waliosimama.