Sumaku Inayochelewesha Nyota

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Usiku wa Januari, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao ziwani, kundi la Orioni hupita karibu na utosi wetu hapa Mwanza. Kando ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa la ukungu linaloonekana hata bila darubini. Ni gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru takribani 1,350, na humo nyota zinazaliwa.

Kwa nini zinazaliwa hadi leo? Galaksi yetu ina gesi baridi yenye uzito wa Majua kama bilioni moja. Uvutano ungeachiwa peke yake, gesi hiyo ingeporomoka yote ndani ya miaka milioni kadhaa. Lakini kila mwaka galaksi nzima hutoa nyota zenye uzito wa Jua moja au mawili tu! Msukosuko wa gesi unachangia kuizuia, na miale ya nyota changa pia. Mimi nimekuja kuisemea sumaku iliyomo ndani ya gesi hiyo, maana husahaulika mno.

Ni dhaifu, maelfu ya mara kuliko ile inayogeuza dira ya boti. Ila gesi yenyewe ni nyepesi, basi inatosha. Inashika chembe zenye chaji ya umeme tu, na katika kiini cha wingu hizo hazifiki hata moja katika milioni. Zilizobaki hugongana nazo, zikacheleweshwa. Mwaka 1956 wanasayansi Mestel na Spitzer walieleza jinsi gesi isiyo na chaji inavyojipenyeza polepole kuelekea kitovu, kama maji yanavyopita kwenye wavu wa dagaa.

Ushahidi upo. Mwaka 1949 wanaastronomia Hall na Hiltner waligundua kuwa mwanga wa nyota uliopita kwenye vumbi hutikisika zaidi upande mmoja: punje za vumbi zimepangwa na sumaku. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa 2009, ilichora mpangilio huo anga zima.

Tena sumaku hiyohiyo husaidia. Wingu likijikusanya huzunguka kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ingezuia nyota kukamilika; sumaku huihamishia nje. Kwenye hesabu za kompyuta ilihamisha kupita kiasi, hata diski, ile sahani bapa ya gesi na vumbi inayozalia sayari, ikakosekana. Kumbe mwaka 2014 darubini za ALMA, kule Chile, zilionyesha diski yenye pete nyingi kuizunguka nyota changa HL Tau. Wataalamu wanautilia mkazo ule upenyaji ulioelezwa 1956: gesi inayoachana na sumaku mapema hubaki na mzunguko wake, ikafanya diski.