Asilimia ya Nini? Maji, Dizeli na Hesabu za Mgodi

Asanteni. Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo nitauzungumzia zaidi mgodi mmoja wa dhahabu: Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, karibu na Watsa. Kampuni za Barrick na AngloGold Ashanti zina asilimia 45 kila moja, na shirika la serikali, SOKIMO, lina 10. Huo ni mgodi unaosifiwa sana kwa nishati jadidifu, yaani isiyokwisha kama ya maji na jua, na sifa nyingi unastahili.

Kibali hauna gridi ya taifa ya kuegemea. Mzigo wake hushuka bandarini Mombasa, ukavuka Kenya na Uganda, mwendo wa kilomita 1,800 hivi. Lakini mgodi wenyewe umezungukwa na mito. Basi wakajenga vituo vitatu vya umeme wa maji: Nzoro II wa megawati 22, Ambarau 10.6, na Azambi 10.2 uliokamilika mwaka 2018. Jenereta zikabaki za akiba. Sidhani kama ni mapenzi ya mazingira tu; bei ya lita ya dizeli ikishafika Watsa inamfundisha mhasibu yeyote.

Mto nao una kiangazi chake. Kule maji hupungua kuanzia Desemba, na jenereta zinaamka. Ndiyo maana mwaka 2025 wakaongeza umeme jua, megawati 16, pamoja na betri, kwa kuwa jua hukaza wakati uleule mto unapolegea. Lakini betri zinazonifurahisha zaidi ni zile za mwaka 2020. Winchi inayopandisha mawe kutoka chini ya ardhi huvuta umeme kwa kishindo, inaachia, kisha inavuta tena. Zamani ilibidi jenereta zingurume muda wote zikisubiri kishindo hicho, zinachoma mafuta kwa kungoja tu. Betri ndizo zimeshika zamu hiyo.

Sasa tuje kwenye asilimia. Mgodi ukiwaambia kwamba asilimia themanini na kitu ni nishati jadidifu, ulizeni: ya nini? Mara nyingi ni ya umeme. Umeme ndio unaozungusha vinu vya kusagia mawe, na kusaga ndiko kunakokula zaidi kiwandani. Aliyewahi kulipia karasha pale Geita anajua. Umeme ndio unaoendesha feni na pampu. Lakini malori ya shimo la wazi yanakunywa dizeli, iwe masika iwe kiangazi, na dizeli hiyo haimo kwenye asilimia ya umeme. Asilimia ya nishati yote huwa ndogo zaidi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata watu wazima. Ripoti hujumlisha nishati yote, ya mafuta na ya umeme, kwa kipimo kimoja, gigajuli. Lita moja ya dizeli ina joto la kama kilowati-saa 10, lakini jenereta inatoa umeme wa takriban 4 tu, mengine yanapotea kwenye moshi na rejeta. Mgodi ukizima jenereta na kununua umeme, ule uliohesabiwa 10 unahesabiwa 4. Jumla ya matumizi inaporomoka kwenye jedwali, ilhali vinu vinasaga tani zilezile! Moshi umepungua kweli, hilo sibishi. Lakini kuita hivyo ubanaji wa matumizi ni kujipigia makofi mapema.

Tena, angalieni nishati imegawanywa kwa nini: kwa tani ya mawe au kwa aunsi ya dhahabu, yaani gramu 31 hivi? Mawe yenye gramu 3 kwa tani yanahitaji kusagwa tani 10 na kidogo kwa aunsi moja. Yakishuka hadi gramu 1, ni tani 31. Fundi yuleyule, kinu kilekile, na nishati kwa aunsi imepanda mara tatu.

Hapa kwetu Tanzania, mgodi wa Geita ulijizalishia umeme kwa jenereta miaka mingi, na sasa umeunganishwa na gridi. Gridi ina Bwawa la Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Ina gesi pia. Umeme ukishaingia kwenye waya haujulikani umetoka kwenye maji ya Rufiji au kwenye gesi ya Kinyerezi. Kwa hiyo kampuni yoyote ikisema imehamia umeme wa maji, iombeni mchanganyiko wa gridi wa mwaka huohuo, na dizeli ya malori iandikwe kwenye mstari wake peke yake.

Haya, maswali. Tuanze na dada wa pale nyuma.