Tumbo la Mfalme, Tumbo Joto: Neno "stomach" Mdomoni mwa Mkalimani

(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza ukalimani, Dodoma)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wanangu, hamjambo. Aliyepanga ratiba kanipa saa nane mchana, jua la Dodoma liko utosini, ninyi mmetoka kushindilia ugali na mlenda, halafu mimi nije kuzungumzia tumbo. Haya. Atakayesinzia asikorome tu.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa mkalimani kwenye kikao kimoja hapa mjini. Mgeni, Mwingereza, akaambiwa kwa mara ya tatu kwamba faili lake halijasainiwa. Akasema, "I can't stomach this." Nilichosikia mimi ni hilo stomach tu, mdomo ukatangulia akili: "Mgeni anasema tumbo linamsumbua." Mama mmoja mhudumu, Mungu ambariki, akatoka mbio, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi. "Pole baba, kunywa ikiwa ya moto." Yule bwana akanitazama. Akanywa. Faili halikusainiwa siku ile.

Alikuwa anasema uvumilivu umemwishia. Neno hili kwa Kiingereza ni jina na ni kitenzi pia. Likiwa kitenzi maana yake ni kuvumilia, na mara nyingi huja na ukanushi: siwezi, hawezi, nani ataweza? Kumbe na sisi tunayo picha ya jirani kabisa. Tunasema jambo fulani halimezeki. Tofauti ni kwamba letu limekwama kooni, la Mwingereza limeshashuka na linagoma kutulia huko chini.

Na hilo koo si la bahati mbaya. Kwa Kigiriki stoma ni mdomo, na stomakhos hapo mwanzo lilikuwa koo, njia ya chakula. Likateremka pamoja na chakula mpaka kwenye mfuko wenyewe, likapita kwa Warumi, likapita kwa Wafaransa, likaingia Kiingereza kwenye karne ya 14. Ule ugiriki haujalitoka: ch ya mwisho inasomeka k, na ndiyo maana wingi wake ni stomachs. Wanaoandika stomaches ni wengi, na nimewasahihisha mpaka wino umeniishia.

Warumi walifanya jingine. Kutokana na jina la mfuko huo wakaunda kitenzi stomachari, yaani kukasirika. Kwao hasira ilikaa tumboni. Waingereza wa zamani nao wakaweka humo hasira, kiburi na ushujaa. Mwaka 1588, meli za kivita za Hispania zikiitishia Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwaendea askari wake kambini Tilbury. Katika hotuba anayokumbukwa nayo alisema mwili wake ni wa mwanamke dhaifu, lakini ana moyo na stomach ya mfalme. Sasa mtafsirie Mgogo mmoja pale sokoni Majengo kwamba malkia ana tumbo la mfalme. Ataangalia mkanda! Kwetu tumbo la mfalme ni kitambi. Ushujaa sisi tumeukabidhi moyo: mtu anapiga moyo konde, hapigi tumbo konde. Kwa hiyo Mwingereza wa leo akisema hana stomach ya ugomvi huu, wewe sema hana moyo wa kugombana, na hapo hujapoteza kitu.

Msidhani lakini kwamba wao wamepanga viungo vyao vizuri kutuzidi. Hapa chini ya kifua, mbavu zinapokutana, wao wanapaita shimo la tumbo. Sisi ni chembe cha moyo. Ni palepale, kidole kimoja! Halafu tindikali ikipanda kutoka tumboni ikakuchoma, wao wanasema moyo unaungua, wakati moyo hauhusiki hata kidogo. Kiungulia chetu hakijamsingizia mtu.

Mtakaofanya kazi hospitalini, hapa msikilize vizuri. Tumbo letu ni pana kuliko la daktari. Mama akisema "tumbo linauma" anaweza kuwa anashika popote kuanzia mbavuni hadi chini ya kitovu, na mara nyingine anasema uzazi kwa heshima. Kwa daktari, stomach ni mfuko mmoja tu, uliolala juu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukimpa neno hilo kabla hujauliza "linauma wapi, mama?", umempeleka njia siyo. Mtaani kwao, ni kweli, na wao hulitumia kwa tumbo lote, ila wewe uko mbele ya daktari. Na usije ukatafsiri ndugu wa tumbo moja kwa neno hili, maana tumbo hilo ni la uzazi. Utawafanya watu wameliwa na mama yao. Daktari naye akimwambia mgonjwa alale juu ya stomach yake, tumbo lisitajwe kabisa: mwambie alale kifudifudi. Dawa ya stomach tupu ni dawa ya kumeza kabla hujala.

Wafugaji mtaniuliza ng'ombe. Kiingereza cha mtaani kinasema ana stomach nne. Ana moja, yenye vyumba vinne. Ukuta wa vyumba hivyo, ile nyama yenye manyoya kama taulo inayopikwa supu, wanaiita tripe, na kwao mtu anayeropoka anaambiwa anasema tripe. Na sisi je? "Acha kuongea utumbo!" Hili limenifurahisha kwa miaka mingi, na sijachoka kulisema.

Kuna swali, naona mkono. Kijana anauliza: gazeti likiandika "Wabunge matumbo joto", je, aseme wana vipepeo tumboni, kama Waingereza wasemavyo?

Swali zuri, hasa kwa mji huu. Vipepeo wa Mwingereza ni wepesi. Ni bwana harusi asubuhi ya siku yake, ni wewe kabla ya kupanda jukwaani. Kuna hofu, na ndani yake kuna utamu kidogo. Mbunge anayesubiri kusikia kama jina lake limekatwa hana utamu wowote. Kwake andika kwamba ana wasiwasi mkubwa, tumbo uliache. Vipepeo wabakizie wewe mwenyewe, siku ile utakapovaa vipokea sauti kwa mara ya kwanza na mgeni akaanza kuongea kwa kasi.